Mchuzi Haumkuzi Mtoto: Protini Katika Sahani ya Kila Siku

Hotuba ya afisa wa lishe kwa mabaraza ya vijiji, Kaunti ya Kilifi

 

Nimekuja kuzungumza juu ya sahani mbili: ile inayowekwa mbele ya baba jioni, na ile inayowekwa mbele ya mtoto.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa kote Kenya, watoto 18 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko inavyotakiwa kwa umri wao. Hapa Kilifi walikuwa 37 katika kila 100. Hakuna kaunti nyingine iliyokuwa na idadi kubwa kuliko yetu. Na mtoto aliyedumaa si mfupi tu. Huugua mara kwa mara, na akifika shuleni hupata taabu ya kushika masomo. Chanzo si kimoja: kuna kuhara, kuna malaria, kuna maji machafu, na kuna chakula. Leo nazungumzia chakula, tena upande wa protini.

Protini ndiyo tunayoiita chakula cha kujenga mwili. Misuli, damu, ngozi, nywele, na kinga ya kupigana na maradhi, vyote vinaihitaji. Mwili una ghala la kuweka mafuta, lakini hauna ghala la kuweka protini. Kwa hivyo nyama ya sikukuu, hata ukila ukashiba, haitakufikisha mwisho wa mwezi. Protini inatakiwa kila siku, kidogo kidogo.

Najua mtasema, "Afisa, nyama ni ghali." Ni kweli. Lakini protini si nyama peke yake. Tupige hesabu pamoja. Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji kama gramu 48 za protini kwa siku. Unga wa mahindi robo kilo, ule usiokobolewa, una kama gramu 20. Kikombe kimoja cha maharagwe yaliyopikwa, gramu 15. Yai moja, gramu 6. Glasi moja ya maziwa, gramu 8. Jumla ni gramu 49, na hatujanunua hata kipande kimoja cha nyama.

Lakini sikilizeni vizuri: sima peke yake haitoshi. Protini ya mahindi ina upungufu wa sehemu fulani ambayo mwili hauwezi kujitengenezea. Sehemu hiyo imo kwa wingi katika kunde, pojo, mbaazi na maharagwe. Navyo vyakula hivi vya jamii ya kunde vina upungufu wao, ambao mahindi huusaidia. Vikikutana katika sahani moja, kila kimoja hukamilisha mwenzake. Nyanya zetu waliopika sima kwa kunde na wali kwa mbaazi za nazi hawakuwa maskini wa akili. Ila tukumbuke kwamba tui la nazi ni mafuta zaidi. Lina ladha na linatia nguvu, lakini halichukui nafasi ya mbaazi.

Sasa tuje kwa mtoto. Mtoto wa miaka 2 mwenye kilo 12 anahitaji kama gramu 13 tu za protini kwa siku. Hiyo ni yai moja na nusu kikombe cha maharagwe yaliyopondwa. Si kitu kikubwa. Basi kwa nini anakosa?

Anakosa kwa sababu ya namna tunavyogawa. Samaki akipikwa, kipande kinakwenda kwa baba, na mtoto anamwagiwa mchuzi juu ya sima. Tunasema amekula samaki. Hapana, ameonja samaki. Protini imebaki katika ile minofu, na mchuzi umebeba chumvi, ladha na mafuta. Kina baba, siwanyang'anyi heshima yenu. Nawaomba mkate kipande, mtoe miiba, mmpe mtoto kwa mkono wenu wenyewe. Hiyo ndiyo heshima kubwa zaidi.

Anakosa pia kwa sababu kuku wanataga nyumbani, na mayai yote yanakwenda dukani kubadilishwa kwa sukari na unga. Uzeni, maana nyumba ina mahitaji. Lakini mtenge ya mtoto kwanza. Na wale wanaosema mtoto akila mayai atachelewa kusema, hilo si kweli. Mtoto anaweza kuanza kula yai lililoiva vizuri akishatimiza miezi 6.

Kabla ya miezi 6 ni maziwa ya mama tu, bila hata maji. Baada ya hapo anaendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi, huku akipewa chakula. Uji wa mahindi mtupu humjaza tumbo bila kumkuza. Utieni maziwa, au njugu zilizosagwa laini, au dagaa waliosagwa. Chai ya rangi si chakula cha mtoto.

Wengine wasisahauliwe. Mama mjamzito na anayenyonyesha wanahitaji zaidi kuliko kawaida, kwa hivyo asiwe yeye anayekula mwisho wakati sufuria imebaki ukoko. Wazee nao hupoteza misuli kadiri umri unavyosonga; babu asiye na meno apewe pojo laini, yai au maziwa. Mwenye ugonjwa wa figo afuate maagizo ya daktari wake, kwani yeye huenda akahitaji kipimo tofauti.

Kuhusu kuni na makaa: lowekeni maharagwe usiku kucha, mmwage yale maji, kisha mpike hadi yaive kabisa. Yataiva upesi, na gesi ya tumbo itapungua. Njugu na mahindi vikaushwe vizuri, na vilivyoota ukungu msiwape watoto wala kuku.

Mwisho, nina maombi matatu. La kwanza, kila siku kuwe na kitu cha jamii ya kunde, au samaki, au yai, au maziwa katika sahani ya kila mtoto. La pili, mpelekeni mtoto kliniki akapimwe uzito na urefu, hata kama haumwi. Mhudumu wa afya ya jamii akija na ule utepe wa kupima mkono, mpokeeni. Ukisoma rangi nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5 kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, mfikisheni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo mtoto akivimba miguu yote miwili. La tatu, leo jioni, kabla ya kuanza kula, tazameni sahani ya mtoto mdogo kuliko wote nyumbani. Kama kuna mchuzi tu, mjue la kufanya.

 Aliye na swali aulize, na aliye na aibu ya kuuliza hapa anifuate pembeni.