Mugariga Uwanjani Petu

Leo twataka kusema nanyi habari za kichaka mnachokijua tangu utoto, ambacho Wamasai hukiita olamuriaki, na watu wa Samunge hukiita mugariga.

Mwaka 2011 jina hilo lilivuma Afrika Mashariki nzima. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile aliwanywesha watu kikombe cha dawa iliyochemshwa kwa mizizi yake, kwa shilingi 500, na magari yakapanga safu ndefu mno njiani. Kwamba dawa ile yaponya maradhi makubwa, haikuthibitishwa. Wala sisi hatukuja kusema habari za uganga. Neno letu ni kwamba tawi likikatwa huchipua tena, bali mizizi ikichimbwa yote, kichaka hufa. Basi yafaa tukipande uwanjani petu, tusingoje porini pawe patupu.

Nacho hakisumbui. Majani yake ni madogo, magumu, yang'aayo, nayo hayapotezi maji upesi. Kwa hiyo hustahimili kiangazi kinachokausha maua mengine yote. Maua yake ni meupe, yenye wekundu kidogo kwa nje, na harufu yake huwaita nyuki na vipepeo. Matunda yakiiva huwa meusi, matamu, na shore huyafuata tangu alfajiri. Ndege wadogo hupenda kujenga humo, kwa maana paka haingii kwa urahisi katikati ya miiba ile.

Chumeni matunda yaliyoiva kabisa, mkayakamue, mkaoshe mbegu na kuzipanda zingali mbichi, katika udongo wa chini ya miti uliochanganywa na mchanga. Funikeni kwa nyasi kidogo. Miche ikipata nguvu, ihamisheni mwanzo wa mvua za masika, hatua moja kati ya mche na mche mkitaka ua. Hapo mtakuwa na adui mmoja tu, naye ni mbuzi! Miche yetu ya kwanza aliimaliza asubuhi moja, tungali darasani. Tangu hapo twaizungushia matawi ya miiba mpaka iwe na miiba yake yenyewe.

Lakini kuna jambo la kuogopwa. Msungu, ambao Wamasai huuita olmorijoi, ni ndugu wa mugariga, nao ndio utoao sumu ya mishale. Maua yake ni meupe yenye harufu nzuri, utomvu wake ni mweupe kama maziwa, na matunda yake huiva yakawa meusi vilevile. Tofauti iliyo wazi ni hii: mugariga una miiba iliyonyoka, migumu, msungu hauna mwiba hata mmoja. Msitazame tawi moja, tazameni kichaka kizima, kwa kuwa huenda tawi changa la mugariga likakosa miiba. Mkiwa na shaka, acheni.

Siku moja mwanafunzi wetu alituletea matunda mfukoni, akitaka kuyapanda mbegu zake. Tulimwuliza kama kichaka kile kilimchoma. Akatuonyesha mikono yake, haina hata mkwaruzo. Tuliyatupa matunda yale chooni, akanawa mikono mara mbili, na tangu siku ile kila mtoto aingiaye bustani yetu hufundishwa kuutafuta mwiba kwanza, ndipo atazame tunda.