Nundu Ndogo Yenye Kuendesha Injini
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Rukanga, Taita)



Hapa chini ya mlima Kasigau, injini ya kinu cha posho ikisimama, mtu huchukua mahindi yake akatafute kinu kingine. Pengine injini haikufa. Kilicholika ni nundu moja ya kamshafti, ile inayosukuma vali ifunguke. Nundu hiyo sisi watu wa karakana twaweza kuichonga wenyewe, hata kwa injini ndogo tuliyoiunda kwa mikono yetu.

Kwanza, hesabu. Katika injini hizi krenki huzunguka mara 2, kamshafti mara 1. Basi vali ikitakiwa kuwa wazi kwa digrii 240 za krenki, nundu yake itachukua digrii 120 za kamshafti. Asiyegawa kwa mbili ameharibu chuma bure.

Pili, kipimo. Tuseme mviringo wa chini una upana wa milimita 20, na vali yatakiwa kuinuka milimita 5. Wako watakaokereza chuma kwa milimita 25. Hapana! Kutoka katikati mpaka ncha ni 10 na 5, yaani 15. Kwa hiyo chuma kianze na upana wa milimita 30. Ikiisha kuchongwa, ndipo kutoka mgongoni mpaka nchani tutapata 25.

Tatu, kuchonga. Tuchore umbo kwenye karatasi mara 10 ya ukubwa wake, ili kosa la kalamu lipungue mara 10. Kisha chuma kifungwe kwenye mashine yenye kifaa cha kugawa digrii. Kata, zungusha digrii 1, kata tena. Vibapa vidogo vinavyobaki huondolewa kwa tupa laini, halafu msasa na mafuta. Pasiwe na kona, maana kona hugonga vali na kuvunja springi. Tusisahau miwani ya kukinga macho.

Mwisho, kukomaza. Chuma laini huwekwa katika sanduku la unga wa makaa, likazibwa kwa udongo, likachomwa saa kadhaa kwa joto la digrii 900 hivi, kisha chuma huchomwa tena na kuzamishwa katika maji au mafuta. Ngozi huwa ngumu, moyo hubaki laini usivunjike.

Ndugu, asituambie mtu kwamba kazi hii si yetu. Mwaka 1986 Rais Moi alitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya. Gari za mfano 5 ziliundwa, zikaitwa Nyayo Pioneer, zikaonyeshwa kwa watu mwaka 1990. Na karakana za reli zilikuwa miongoni mwa mahali zilipofanyiwa kazi. Fedha za kuziunda kwa wingi hazikupatikana, lakini ufundi ulionekana.

Ufundi huo hauandikwi wote vitabuni. Umo mikononi mwa wazee wanaostaafu. Kwa hiyo twaomba mambo mawili. Kila fundi amshike kijana mmoja, amfundishe mpaka aweze peke yake. Na chama kidai kwamba mkerezaji alipwe kwa ujuzi wake, asihesabiwe kuwa kibarua. Fundi akidharauliwa, mwanawe hatashika tupa. Na siku kinu kikisimama, sote tutangoja kipande kutoka ng'ambo.