Supore ya Dinamo: Maneno ya Fundi wa Garaji Siku ya Yubile



Nimepewa dakika chache niwasimulie habari za motokari ya misioni, ile Land Rover ya rangi ya majani mliyoiona nyuma ya kanisa. Wengine wamekwisha kuwataja mapadri walioiendesha. Mimi ni fundi, basi nitasema habari za kipande kimoja cha chuma, ambacho mafundi wa kwetu wanakiita supore ya dinamo.

Land Rover ilionyeshwa watu mara ya kwanza mwaka 1948, huko Amsterdam. Hii yetu ni ya aina ya Series IIA, iliyotengenezwa tangu mwaka 1961 hata 1971. Moteri yake ni ya esansi, silinda nne, lita mbili na robo. Dinamo imeegemezwa ubavuni mwa moteri: chini buloni mbili zaishika katika supore, na juu liko bamba lenye tundu refu, la kuisogeza ili mkanda ukazike. Sasa sikieni vizuri: mkanda ule ule mmoja unazungusha dinamo, pampu ya maji na feni. Supore ikivunjika, si taa tu zinazokufa. Maji nayo yanasimama, na upepo unasimama.

Hayo niliyajua kwa kichwa tu. Nilipokuwa kijana, buloni moja inayoshika supore kwenye mwili wa moteri ilipotea. Moteri hii imepimwa kwa inchi, na buloni ile ilikuwa ya 5/16, yaani milimita 7.94. Mimi nilikuwa na buloni ya milimita 8. Nani angeona tofauti? Iliingia mizunguko miwili mitatu, ikakataa, nikailazimisha kwa ufunguo mrefu. Ilikaza, lakini ilikaza kwa uongo, maana meno ya buloni hizo mbili hayafanani, nayo yalikuwa yakikata meno ya moteri.

Nyuma ya miezi michache supore ilipasuka. Niliifungua, nikaunga ufa kwa moto wa umeme, nikapaka rangi, na Padri akanisifu. Sikujiuliza kwa nini ilipasuka. Ile buloni niliirudisha mahali pake.

Siku hizo hizo tulitumwa Kamanyola kumchukua mama mwenye uchungu wa kuzaa, tumpeleke Bukavu. Katika mpando wa Ngomo taa nyekundu ya dinamo iliwaka. Nikajisemea: ni mchana, taa za nini? Nikaendelea. Punde mvuke ulijaa mbele ya kioo, na moteri ikakata. Supore ilikuwa imepasuka tena kando ya ufa wa kwanza, dinamo imeinama, mkanda umetoka. Watu wa mlimani, ambao sikuwajua hata mmoja, walikata miti, wakatengeneza tipoi, wakambeba yule mama kuelekea Nyangezi. Giza lilikuwa limeingia. Mama na mtoto walipona. Lakini kwa muda mrefu, nilipokutana na mume wake sokoni, nilipita njia nyingine.

Asubuhi nilitia kidole katika tundu la ile buloni, nikatoa vipande vya meno ya chuma.

Safari ile nilitengeneza kwa utaratibu. Supore niliitoa kabisa, maana si vema kuunga chuma kikiwa bado juu ya moteri. Mwisho wa ufa nilitoboa tundu dogo, ili ufa usiendelee mbele; kiisha nikauchimba kwa tupa upate umbo la mfereji, moto uingie hata ndani, wala usikae juu tu kama siagi juu ya mkate. Tundu za buloni zilizokuwa zimelika na kuwa kama yai nilizijaza, nikazitoboa upya. Katika mwili wa moteri nilipanua tundu lililoharibika, nikakata meno mapya ya 3/8, nikatafuta buloni ya inchi. Kuitafuta kulichukua siku nyingi kuliko kazi yote.

Ikabaki kunyoosha. Nilivuta uzi mbele ya puli tatu, ya moteri, ya pampu na ya dinamo. Ya dinamo ilikuwa nyuma kidogo. Nikaweka rondele moja nyembamba, na uzi ukagusa zote. Mkanda ukienda upande, unavuta supore upande kila mzunguko, na chuma kinachoka.

Vijana wananiuliza kwa nini tusitie alternata. Wana haki: inatoa umeme mwingi hata moteri ikizunguka polepole, na Series III ya mwaka 1971 ililetwa nayo. Ila alternata nayo inataka supore yake, na puli yake iwe katika mstari ule ule.

Nyuma ya chakula nitafungua kifuniko cha moteri. Wanaotaka kujifunza waje na uzi. Buloni ile inafunguliwa kwa ufunguo wa inchi 9/16, nao uko mfukoni mwangu. Atakayeleta wa milimita 15 nitamwomba aurudishe nyumbani.