Sheria ya Unga na Mashine ya Posho
(Mazungumzo kwa vikundi vya kujisaidia)

Tumekuja tuzungumze habari ya ugali.

Mwaka wa 2012 Serikali ya Kenya iliamuru kwamba unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa kwa pakiti uongezwe virutubisho: vitamini A, vitamini za kundi la B pamoja na asidi ya foliki, madini ya chuma na zinki. Hiyo si dawa ya kupanga uzazi, kama wengine wanavyonong'ona.

Chuma huongeza damu. Asidi ya foliki humkinga mtoto asizaliwe na kasoro ya uti wa mgongo. Uti huo hufungika katika siku 28 za kwanza, wakati mama wengi hawajajua kwamba wana mimba. Kwa hivyo kinga inafaa iwe katika chakula cha kila siku.

Lakini sisi wa vijijini, je? Wengi wetu tunapeleka debe letu kwa mashine ya posho. Pale kila mtu anasagiwa mahindi yake, na hakuna kifaa cha kupima na kuchanganya virutubisho. Tena tukitaka unga mweupe, tunakoboa. Kiini na maganda, penye vitamini na chuma kwa wingi, tunawapa kuku na ng'ombe. Halafu tunashangaa mtoto hana damu!

Basi tufanye hivi:

1. Tusage mahindi bila kukoboa. Unga huo huharibika upesi, kwa hivyo tusage kidogo kidogo.

2. Ugali usiliwe mkavu. Kuna kunde, terere, managu, maharagwe na omena. Chungwa husaidia mwili kupokea chuma; chai ingoje kwanza.

3. Mjamzito aende kliniki mapema apate tembe za chuma na foliki. Watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 wapate vitamini A kila miezi 6.

4. Tukinunua pakiti, tusome kama virutubisho vimeandikwa.

5. Vikundi vyenye mashine viulize ofisi ya afya ya kaunti kuhusu vifaa vidogo vya kuchanganyia. Kwa jirani zetu Tanzania vimefungwa katika mashine nyingi ndogo.

Jambo hili lijadiliwe katika mkutano wenu ujao, na katibu aandike mtakaloamua.