Kitufe cha Huruma: Mhadhara juu ya Mchezo wa Undertale



Likizo iliyopita nilimwomba mpwa wangu aniazime kompyuta yake. Yuko kidato cha tatu, na kila tulipoketi kula alikuwa akisimulia gemu moja, habari za mama mwenye kichwa cha mbuzi na ndugu wawili walio mifupa mitupu, mpaka nikaingiwa na hamu ya kuiona. Kwa kawaida binti huyu hamnyimi mjomba wake kitu. Safari hii aliikumbatia kompyuta akasema, "Mjomba, nitakuwekea kwenye ya kwako. Kwenye yangu, hapana." Nikadhani ni uchoyo wa kitoto, nikanyamaza. Ilinichukua majuma mawili kumwelewa, na siwezi kueleza alichokuwa akikilinda kabla sijaueleza mchezo wenyewe.

Unaitwa Undertale. Ulitoka Septemba 2015. Mtunzi wake ni Mmarekani, Toby Fox, aliyeandika hadithi, akatunga muziki na kuunda sehemu kubwa ya programu, huku Temmie Chang akimsaidia kwa michoro. Hakuwa na kampuni nyuma yake. Mwaka 2013 aliomba achangiwe dola 5,000 kupitia tovuti ya Kickstarter, na watu 2,398 wakamchangia dola 51,124. Michezo ya aina hii, ambayo mchezaji huvaa uhusika na kusafiri ndani ya hadithi, mara nyingi humla mtu saa arobaini na kuendelea. Huu humalizika kwa saa sita au saba. Ufupi huo nauhesabu kuwa sifa yake ya kwanza, maana hadithi hii imetungwa ili irudiwe, na jambo refu mno watu hawalirudii.

Kisa ni hiki. Hapo kale binadamu na mazimwi walipigana. Mazimwi wakashindwa, wakafungiwa chini ya mlima Ebott kwa kizuizi cha kichawi. Siku moja mtoto wa binadamu anapanda mlima ule, anatumbukia shimoni, na kazi ya mchezaji ni kumrudisha juu. Sisi tuliolelewa kwa ngano tunamjua zimwi: ndiye mmeza watu, na hadithi haiishi mpaka apasuliwe tumbo. Hapa zimwi wa kwanza kukuonea huruma ni Toriel, yule mama mbuzi, ambaye anamshika mtoto mkono, anamvusha kwenye miiba, halafu anampigia simu kumuuliza anapenda mdalasini au sukari iliyopikwa kwa siagi. Baadaye mtoto anaamka usingizini na kukuta kipande cha pai kimewekwa sakafuni karibu na kitanda. Kikumbukeni kipande hicho.

Mchezaji anapokutana na zimwi, panatokea vitufe vinne: Pigana, Tenda, Vitu, Huruma. Ukichagua cha kwanza, unapiga. Ukichagua cha pili, unaona mambo unayoweza kumfanyia zimwi huyo peke yake. Yuko mbwa mwenye silaha ambaye, ukimpapasa, shingo inarefuka, ukimpapasa tena inarefuka zaidi, mpaka kichwa kinatoka nje ya skrini. Yuko Shyren, mwenye haya, asiyethubutu kuimba mbele ya watu. Unamvumishia wimbo kwa sauti ya chini, anaitikia kidogo. Unamvumishia tena, anapata moyo. Mwisho anaimba kabisa, umati unakusanyika, na mmoja wa wale ndugu wa mifupa, Sans, anauza tiketi alizozitengeneza kwa karatasi ya chooni. Zamu ya zimwi ikifika, wewe ni moyo mdogo mwekundu ndani ya kisanduku, na unakwepa anachokurushia. Nimesoma tamthilia nyingi zinazodai kwamba adui ana utu. Chache zimenifanya niutafute utu huo mwenyewe, kwa vidole vyangu, huku nikishambuliwa.

Sasa niseme nililolifanya mimi. Toriel hataki mtoto aondoke, kwa sababu waliotangulia waliondoka na wakauawa huko mbele. Anaziba mlango na kusema umthibitishie kwamba una nguvu. Nilijaribu kuzungumza naye, haikusaidia. Nilibonyeza Huruma mara tatu, nne, hakubadilika. Nikaamua kufanya wanavyofanya wachezaji wote wa tangu zamani: nimpige mpaka anyong'onyee, kisha nimwachie. Kumbe uhai wake ukishapungua, pigo moja linalofuata linamaliza kila kitu. Alikufa akigeuka vumbi, na huku nyuma nilikwisha kuona kwamba moto wake ulikuwa unanikwepa kila nilipokaribia kufa. Ilikuwa saa saba usiku. Nikafanya ambalo kila mchezaji angefanya: nikafunga mchezo, nikaurudisha mahali nilipokuwa nimeuhifadhi, nikaload upya kama vijana wanavyosema, na safari hii nikabonyeza Huruma tena na tena, zaidi ya mara kumi, mpaka akakubali kunifungulia.

Nikatoka mlangoni nikiwa nimeridhika. Nje nikamkuta Flowey, ua lenye uso, likinisubiri. Likaniambia kwamba linajua nilimuua, na kwamba nilirudi nyuma kwa sababu nilijuta.

Wasikilizaji wangu, nimefundisha fasihi simulizi miaka mingi, na hapo nilisimama nikatembea chumbani. Katika ngano, fanani anasema "Paukwa" na hadhira inajibu "Pakawa." Hadhira inashiriki, inaimba, inacheka, lakini hakuna msikilizaji aliyewahi kuulizwa habari za damu iliyomwagika ndani ya hadithi. Fanani akikosea, anarudi nyuma, na wote tunakubaliana kwamba kosa halikuwapo. Undertale unalivunja agano hilo. Kurudi nyuma, ambako kwenye michezo mingine ni kifaa tu kama kifutio cha penseli, hapa ni tendo, na wako wahusika wanaolikumbuka. Hii ndiyo hoja yangu jioni hii: mchezo huu umeifanya hadhira iwajibike, na nguvu zake zote na kasoro zake zote zinatoka hapo.

Tazameni hesabu zake. Tangu miaka ya 1980, michezo ya jamii hii inampa mchezaji alama za uzoefu kila anapoua, na alama zikijaa anapanda kiwango, kinachoandikwa LV. Hapa LV inasomwa LOVE, neno la Kiingereza la upendo, na Toby Fox anakuacha uishi na maana hiyo karibu safari nzima. Mwishoni Sans anakusimamisha kwenye ukumbi wenye mwanga wa dhahabu na kukueleza kwamba herufi zile ni kifupi cha kiwango cha ukatili, na kwamba alama ulizokuwa ukikusanya zinahesabu roho ulizotoa. Hakuna kilichobadilishwa kwenye skrini. Tarakimu ni zilezile ulizokuwa ukizitazama kwa furaha. Kwa kipimo cha fani, sijaona taharuki iliyojengwa kwa vifaa vichache namna ile.

Na asiyeua analipa. Hapandi kiwango, kwa hiyo anaanza na uhai wa alama 20 na kumaliza na 20, hata anapokabiliana na mfalme Asgore, aliyewahi kuwa mume wa Toriel. Asgore, kabla ya kupigana, anainua mkuki wake mwekundu na kukivunja kitufe cha Huruma. Kinapasuka vipande mbele ya macho yako. Nilijikuta nikisogeza kidole kukitafuta pale kilipokuwa. Hapo ndipo kile kipande cha pai kinapofanya kazi: ukikila katikati ya pambano, mfalme anaitambua harufu, na mapigo yake yanalegea. Kipande kilichowekwa sakafuni saa nne zilizopita! Mtunzi anayeweza kupanda mbegu hivyo na kuivuna kimyakimya ni mtunzi hasa.

Lakini tusifunge macho. Kasoro ya kwanza, na kwangu ndiyo kubwa, ni jina la njano. Zimwi akiwa tayari kuachiwa, jina lake linageuka rangi hiyo. Mwanzoni nilikuwa nikimtazama kila mmoja nijue ana nini. Baada ya saa tatu nilikuwa ninatazama rangi. Bonyeza hiki, kisha hiki, jina limeiva, mwachie, pokea dhahabu, endelea. Ndiyo, unapewa dhahabu kwa kusamehe. Huruma inageuka kitendawili chenye jibu moja, na ukishalijua jibu, zimwi wa pili wa aina ileile unayekutana naye ni kazi ya kumaliza tu. Mchezo unaonidai niwajibike kwa ukatili wangu ulipaswa kunidai hivyohivyo kwa wema wangu, yaani uniache siku moja nisamehe bila kujua kama nimefanya vyema. Hauthubutu. Anayesamehe wote anapewa mwisho ulio bora kuliko yote, na wanaostahili adhabu ni wengine.

Tena mwisho huo una milango iliyofichwa kupita kiasi. Sharti kwanza umalize mchezo kwa mwisho wa kawaida. Shujaa Undyne, anayekukimbiza kwa mikuki, anazimia kwa joto kwenye eneo la Hotland, na usipomwagia maji kutoka kwenye mtungi ulio pale karibu, huwezi tena kufanya naye urafiki. Sipingi kwamba kumpa adui maji ni jambo zuri. Ninachopinga ni kumfungia mtu hadithi nzima kwa sababu alipita bila kugusa mtungi. Na Hotland yenyewe inachosha: simu za mwanasayansi Alphys zinaita kila hatua, mafumbo ni mepesi, na vituko vya roboti Mettaton vinarefushwa kupita uzito wake. Mchezo wa saa saba hauna nafasi ya kupoteza saa moja.

Ipo pia njia ya maangamizi. Hapo mchezaji anatafuta na kuua mpaka hakuna anayebaki: 20 kwenye magofu ya mwanzo, 16 kwenye mji wa theluji, 18 penye maporomoko, 40 Hotland na mtamboni. Muziki unapungua kasi, miji inabaki mitupu. Kuchosha kwake ni kwa makusudi, na nakubali makusudi hayo. Nisilolikubali ni kwamba mtunzi ameweka kwenye njia hiyohiyo mapambano yake mawili bora kuliko yote, la Undyne na la Sans, na wimbo wake uliopendwa zaidi duniani, Megalovania, kisha anamkaripia aliyekwenda kuviona. Ukiimaliza, unaombwa roho yako, na tangu hapo hata mwisho mwema unachafuliwa. Huwezi kumwandalia mtu karamu mezani, halafu umshtaki kwa kula.

Niguse lugha, maana ndiyo riziki yangu. Mchezo huu hauna sauti za waigizaji. Unaishi kwa maandishi, na rasmi yako kwa Kiingereza na Kijapani tu. Sans na nduguye Papyrus wamepewa majina ya fonti, na kila mmoja maneno yake huandikwa kwa fonti yake. Nilijaribu kumtafsiria mama yangu mzazi, aliyekuwa ameketi karibu akichambua mchele. Habari za Toriel alizifuata bila shida. Nilipofika kwenye LOVE nilikwama. Kiswahili kina upendo, kina mapenzi, kina huba, na hakuna hata kimoja kinachoweza kukunjuliwa kikatoa ukatili ndani yake. Nusu saa nilikuwa nikibandika silabi kwenye karatasi. Nawaachia wanafunzi wangu wa tafsiri kazi hiyo, na nasema kwa dhati, atakayeitatua nitamsimamia tasnifu.

Narudi kwa mpwa wangu. Nilipofika mwisho mwema, kizuizi kilivunjika, mazimwi wakatoka kuliona jua, Toriel akawa na mtoto wa kumlea. Kesho yake nikaufungua tena. Flowey alikuwa pale, mpole sasa. Alinieleza kwamba wote wana furaha, na kwamba limebaki jambo moja tu linaloweza kuwanyang'anya: mimi, nikiamua kuanza upya. Akaniomba niwaache waishi.

Nilimpigia simu binti nikamuuliza kama hicho ndicho alichokuwa akikilinda. Akasema ndiyo, mwaka wa pili sasa hajaufungua. "Wako juu, Mjomba," akasema. "Ungenianzishia upya, wote wangerudi shimoni."

Na mimi sijaufungua tangu hapo. Kila nilichowaeleza leo kuhusu njia ya maangamizi nimekitazama kwa mchezaji mwingine, kwenye video.