Bendi Iliyorudishwa na Watu Waliokwisha Kuondoka

(Hotuba iliyotolewa kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia katika semina ya siku moja. Tumeichapa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Ndugu zangu, akina mama na akina baba wa vikundi, nimeombwa niseme juu ya kuvumilia. Hili ni neno tunalolisikia mara nyingi kanisani, mpaka wakati mwingine linaingia sikio hili na kutokea lile. Kwa hiyo leo sitaanza na kikundi cha kuku wala cha matangi ya maji. Nitawapeleka mbali kidogo, Marekani, kwenye bendi za vijana, halafu tutarudi hapa kwetu. Shida iliyozipata bendi hizo ndiyo hiyo hiyo iliyo kwenye vitabu vyetu vya mahudhurio.

Nyote mmeona bendi ya Jeshi la Wokovu ikipita barabarani Jumapili asubuhi, na ile ngoma kubwa inayosikika kutoka ng'ambo ya mto. Sasa chukua bendi ya namna hiyo, iwe ya vijana watupu, zaidi ya mia moja, uwaweke katika uwanja wa mpira. Wanapiga huku wanatembea, wanakimbia, wanageuka kinyumenyume, wanachora maumbo kwa miili yao, na wenzao wanarusha bendera juu na kuzidaka. Ni dakika kama kumi na moja au kumi na mbili, na hakuna anayeshika karatasi. Waamuzi wanaandika maksi. Jumla ni 100, na bendi moja inaweza kuishinda nyingine kwa sehemu ndogo tu ya maksi moja.

Kijana akishapita umri wa miaka 21, basi, zamu yake imekwisha. Tena halipwi. Yeye ndiye anayelipa ili aingie, na ni maelfu ya dola kwa msimu mmoja. Kutoka mwezi wa sita mpaka wa nane wanazunguka nchi kwa basi, maelfu ya kilomita. Wanalala sakafuni katika kumbi za michezo za mashule. Asubuhi mazoezi, mchana mazoezi juani, jioni mashindano, usiku wanapanda basi tena. Mwezi wa nane ndiyo fainali, ambayo tangu 2009 hufanyika katika mji wa Indianapolis, na huko zinaingia bendi 12 tu.

Akina mama watauliza, wanakula nini hao watoto? Swali zuri, maana jibu lake ndilo linalonifanya niwaeleze habari hizi. Bendi husafiri na lori la jikoni. Wanapika mara nne kwa siku, na mlo wa mwisho ni usiku baada ya mashindano. Wengi wa wapishi hawalipwi chochote. Ni wazazi, na ni watu ambao zamani walipiga katika bendi hiyo hiyo. Mtu alipiga tarumbeta akiwa na miaka 19, leo ana 50, anachukua likizo yake kazini na kwenda kumenya viazi vya watu zaidi ya mia moja. Mwingine anashona vifungo vya sare, mwingine anaendesha lori la ngoma usiku kucha. Jina lake halitangazwi uwanjani, na maksi hakuna hata moja iliyo yake.

Nawaomba mumkumbuke huyo mwenye kumenya viazi. Tutamrudia.

Nyingi za bendi hizi zilianzia katika parokia za Kikatoliki na katika vyama vya wanajeshi wastaafu. Wastaafu ndio waliokuwa wakiandaa mashindano makubwa. Mwaka 1971 viongozi wa bendi kadhaa waliona kwamba wao wanafanya kazi na wengine ndio wanaopanga masharti na malipo. Wakaunda chama chao wenyewe, Drum Corps International, na mashindano yao ya kwanza ya ubingwa yakafanyika mwaka 1972 katika mji wa Whitewater, Wisconsin. Hapo naona wenzetu wa vyama vya kahawa na maziwa wanatabasamu. Haya, tuendelee.

Mojawapo ya bendi zilizoanzisha chama hicho ni Troopers, kutoka mji wa Casper, jimbo la Wyoming. Jimbo hilo ndilo lenye watu wachache kuliko majimbo yote ya Marekani, hawafiki hata 600,000. Ni pori, upepo na ng'ombe. Ukitaka kwenda kushindana na wenzako, safari yenyewe tu ni adhabu. Bendi ilianzishwa mwaka 1957 na bwana mmoja aitwaye Jim Jones (si yule mhubiri wa Guyana, msishtuke), na ikavaa sare za buluu kama za askari wa farasi wa zamani. Miaka ya 1960 na mwanzo wa 1970 ilikuwa kati ya bendi kubwa za nchi nzima.

Halafu ikaanza kuteremka. Mwaka 1986 iliingia fainali, na baada ya hapo mlango ukafungwa. 1987 hapana, 1990 hapana, 1995 hapana, 2000 hapana. Mambo ya fedha na uendeshaji yakaharibika, na mwaka 2006 bendi haikusafiri kabisa. Chama kile kile ambacho wao wenyewe walikianzisha kiliwasimamisha. Hebu fikiria aibu hiyo.

Wakati huo mtu yeyote mwenye akili angesema tuuze ngoma, tugawane, kila mtu aende kwake. Waliokataa hawakuwa vijana, kwa sababu kijana angeweza kuhamia bendi nyingine. Ni wale wa zamani, na watu wa mji pamoja nao. Walishikana, wakarekebisha uongozi na mambo ya fedha, wakatafuta vijana. Mwaka 2007, miaka 50 tangu kuanzishwa, Troopers wakarudi uwanjani. Hawakuingia fainali. Mwaka 2008 hawakuingia. Mwaka 2009 wakaingia, nafasi ya 12, ya mwisho kabisa, na watu wazima wenye mvi walilia kama watoto.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Kutoka 1986 hadi 2009 ni miaka 23. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa fainali ya mwisho, mwaka 2009 alikuwa ameshapita umri wa kuruhusiwa. Maana yake ni kwamba kuna vijana wengi sana waliolipa pesa zao, wakalala sakafuni, wakachomwa na jua miaka miwili, mitatu, wakafikisha umri na kuondoka bila kuonja fainali hata siku moja. Na baadhi ya hao hao ndio waliorudi kuinua bendi ili mtoto wa mwingine aonje. Huko ndiko kuvumilia ninakotaka tukuzungumze leo. Kuvumilia ili upate mwenyewe, hata mfanyabiashara wa mitumba anajua. Kuvumilia wakati zamu yako imeshapita, hilo ni jambo gumu zaidi.

Tutazame kwetu. Mzunguko wa pesa, ile mnayoiita merigoraundi, unaanza na watu ishirini. Mama wa kwanza anapata mabati, wa pili anapata tangi, wa tatu ng'ombe. Tukifika wa kumi na mbili, yule wa kwanza ameanza kuwa na homa kila siku ya mkutano. Wa pili ana mgeni. Wale wa mwisho wamechanga mwaka mzima na hakuna wa kuwachangia. Nimeona vitabu vya vikundi katika semina hizi, na karibu vyote vinasimulia hadithi hiyo: majina mengi ukurasa wa kwanza, majina sita ukurasa wa mwisho. Na vijana wetu waliosomeshwa kwa harambee, wako Nairobi, wako Mombasa, wengine wako huko huko Marekani. Ni wangapi wanaojua kwamba kikundi kilichouza mahindi ili walipiwe karo bado kipo?

Lakini tusiwalaumu wao peke yao. Je, sisi tuliwahi kuwaita? Mtu akimaliza zamu yake, tunafuta jina lake, tunamwona kama mtoro. Wenzetu wa bendi wanafanya kinyume. Kijana anapofikisha umri, humfanyia sherehe ndogo ya kumuaga mbele ya wenzake, na kuanzia siku hiyo anaingia katika orodha nyingine, ya wale wa zamani. Bendi ya Madison Scouts, iliyoanzishwa mwaka 1938, wa zamani na wa sasa wakikutana husimama duara, mikono mabegani, na kuimba wimbo wao mmoja wa miaka mingi. Mwaka 2006 fainali zilipofanyika katika mji wao, wale wa zamani walivaa viatu, wakafanya mazoezi, wakaingia uwanjani wenyewe na vitambi vyao. Hata bendi ya 27th Lancers ya Massachusetts, iliyokufa mwaka 1986, watu wake walikusanyika tena mwaka 1994 na kupiga fainali zilipokuwa karibu na kwao. Bendi imekufa miaka minane, watu bado wapo!

Msije mkadhani kwamba wazee hao ni malaika. Mwaka 2019 Madison Scouts, ambayo ilikuwa ya wavulana tu tangu kuanza, ilitangaza kwamba wasichana wataruhusiwa kuingia. Baadhi ya wa zamani walikasirika sana. Walitaka bendi ibaki kama siku zao. Nadhani kila kikundi hapa kina mzee wa namna hiyo, aliyekuwa mwenyekiti wa kwanza, na mpaka leo hataki pesa zitumwe kwa simu kwa sababu yeye alizoea kuzihesabu mezani. Mimi nasema mzee huyu tumheshimu, tumpe kiti cha mbele na chai ya kwanza, na uamuzi ubaki kwa wanaobeba mzigo wa leo. Yule anayemenya viazi hachagui wimbo utakaopigwa. Akitaka kuchagua wimbo, amekuwa tatizo.

Kuna jambo la pili, na hili nalisema polepole. Katika parokia ya Holy Name, mji wa Garfield, New Jersey, kulianzishwa bendi mwaka 1934. Baadaye iliitwa Cadets. Ilichukua ubingwa wa chama hiki mara 10, kutoka 1983 hadi 2011. Hakuna aliyeweza kutilia shaka upendo wa watu wake. Lakini mwaka 2018 wanawake waliowahi kuwa ndani ya mambo hayo walijitokeza na kueleza hadharani jinsi walivyodhulumiwa kimwili na kiongozi wa miaka mingi. Alijiuzulu. Zikafuata kesi, nyingine za mambo ya zamani zaidi, na gharama zake, na mwezi wa Januari 2024 bendi ikatangaza kwamba inafunga. Miaka 90 ikaishia hapo, na vikombe vyote kabatini.

Wapo waliosema kwamba wanawake wale waliiharibu bendi. Mimi sikubali hata kidogo. Walioiharibu ni waliotenda, na waliojua wakanyamaza ili jina lisichafuke. Nasi tunalo neno letu, "tusiaibishe kikundi." Mweka hazina amekula pesa, tusiaibishe kikundi. Mtoto wa kike wa mwanachama ameingiliwa na mtu mwenye cheo, tumalizane nyumbani, tusiaibishe kikundi. Siku kitu hicho kinapotoka nje, na kitatoka, hakuna tena kikundi cha kuaibisha. Aliye mwaminifu kwa kikundi ndiye anayesimama mkutanoni na kusema, leteni kitabu tukione. Na likiwa ni jambo la mtoto, halingoji mkutano. Linakwenda kwa chifu na polisi siku hiyo hiyo.

Hata ubingwa wenyewe haulindi kitu. Santa Clara Vanguard wa California walikuwa mabingwa mwaka 2018, na mwaka 2023 hawakusafiri kwa sababu ya shida za fedha. Walirudi 2024. Kombe halinunui mafuta ya basi. Wakati wa Drum Corps International kuanza, bendi za namna hii zilikuwa mamia. Leo zimebaki makumi tu. Zilizobaki, ukichunguza, karibu zote zina watu wa nyuma wasioonekana.

Sasa kazi. Kila kikundi kimekuja na kitabu chake cha kwanza, kile cha zamani kabisa, kama tulivyoomba kwenye barua. Baada ya chakula mtakaa kikundi kwa kikundi, mfungue ukurasa wa kwanza, mwandike kwenye karatasi kila jina ambalo halipo tena katika mahudhurio ya mwaka huu. Mbele ya jina andikeni yuko wapi, na ni nani kati yenu anayeweza kumfikia, kwa simu au kwa miguu. Walioaga dunia nao waandikwe, na jina la mtoto wao mmoja. Msiandike deni la mtu, hata kama mnalikumbuka. Siku ya kwanza ya kumwita mtu si siku ya kumdai.

Wenye vikundi ambavyo kitabu cha kwanza kimepotea, njoeni kwangu pale chini ya mwembe, tutajaza kwa kukumbuka. Akina mama wa jikoni wananionyesha ishara kwamba ugali unapoa. Katekista, tuongoze sala ya chakula.