Alama Haziuzwi



Juzi sokoni hapa Bariadi mzee mmoja alinisimamisha. Binti yake ni muuguzi. Dalali amemwahidi ukaazi wa kudumu wa Kanada, na mzee yu tayari kuuza maksai wake wanne. "Mwanangu, niwauze?"

Nilimwambia: usiwauze, mzee wangu. Tangu mwaka 1967 Kanada huwapima wahamiaji wenye ujuzi kwa alama za elimu, umri, lugha na uzoefu wa kazi. Dalali hana alama za kuuza. Tangu Januari 2015 mwombaji huanza kwa kujiandikisha katika tovuti ya serikali yao, tena bure. Gharama hufuata: mtihani wa lugha, tathmini ya vyeti, ada ya serikali. Kila moja alipwe mhusika mwenyewe, na risiti idaiwe.

Zaidi ya hayo, ukaazi si leseni ya uuguzi. Hiyo huombwa katika jimbo atakakofanya kazi. Wala si uraia. Mkaazi wa kudumu hubaki Mtanzania. Akijichukulia uraia wa huko, sheria yetu humwondolea wa kwetu.

Mzee aliwaza kidogo. "Basi maksai watalima pamba."

Kwaherini, hadi wiki ijayo.